Kuchomoa nyuzi za ordinatere: tuzime kwanza ao hapana?



Tangu masomo yaanze, kuna mabishano katika chumba cha mashini. Wamoja wanasema lazima kuzima kila kitu mbele ya kugusa hata uzi mmoja. Wengine wanangoa tu kama vile kungoa mihogo. Ndugu wa mwaka wa tatu walituomba tueleze. Jibu haliko moja, ni kufuatana na uzi wenyewe.

Uzi wa rezo, ule wenye kichwa cha plastiki na kishikio kidogo, hauna shida. Unaweza kuutoa mashini ikiwa inawaka. Ndani ya tundu lake mna transfoma ndogo zenye kutenga mashini na uzi, na kwa kanuni zinapaswa kuvumilia volti 1500. Kinachokatika ni ile kazi tu iliyokuwa inapita. Lakini finya kishikio kwanza. Kikivunjika, uzi haushiki tena, na ndiyo maana tunaona vile vijiti na karatasi za kukunja kwenye meza ya nyuma.

Uzi wa antena ya juu ya paa ni jambo ingine. Ule unabeba pia umeme, mara nyingi volti 24 ao 48, juu antena haina prizi yake kule juu. Umeme unatoka katika kisanduku kidogo chenye matundu mawili. Toa kisanduku kwenye prizi kwanza, kisha uzi. Tena, uzi wa upande wa antena usiutie katika ordinatere hata kidogo: visanduku vingine vinatuma umeme bila kuuliza ni nani yuko ngambo ile, na tundu linaweza kuungua.

Sasa fleshi. USB ilitoka mwaka 1996, na wenye kuitengeneza waliwaza watu wenye haraka kama sisi. Tazama ndani ya kichwa chake cha bapa: kuna vipande vinne vya chuma, na viwili vya pembeni ni virefu kuliko viwili vya katikati. Virefu vinapitisha umeme, vifupi vinapitisha habari. Ukiingiza, umeme unafika kwanza. Ukitoa, habari zinakatika kwanza. Mashini haiumii.

Kinachoumia ni maandiko. Ordinatere inaweza kukuambia imemaliza kunakili, kumbe sehemu ingine bado iko katika kumbukumbu yake, inangoja kuandikwa. Ukivuta fleshi saa ile, fishie inabaki nusu, na mara ingine orodha yote ya fleshi inaharibika. Kurasa mbili za gazeti hili zilipotea namna hiyo, na mwandishi akaziandika upya usiku, grupu ikiwa imezimwa. Kwa hiyo agiza mashini iachie fleshi, ngoja ijibu, ndipo utoe. Kuzima si lazima.

Penye wazee wa kuzima wana haki ni kibao cha herufi chenye kichwa cha mviringo, cha namna iliyotoka mwaka 1987. Hakikutengenezwa kwa kutolewa na kurudishwa mashini ikiwaka: fuze ndogo ndani inaweza kukatika, na mara nyingi mashini haikitambui mpaka iwashwe upya. Vilevile ukifungua sanduku lenyewe, zima, kisha toa uzi wa umeme, kwani hata ikiwa imezimwa volti 5 zinaendelea kuingia.

Kwa radi, mambo yanageuka. Wataalamu walihesabu mwaka 2016: Kabare, huku Kivu ya Kusini, inapata miali 205 hivi kwa kilometa mraba kila mwaka, ziwa Maracaibo peke yake, kule Venezuela, linaipita, 233. Hapo kuzima hakusaidii kitu, maana radi inaruka kitufe bila shida. Lazima kutoa uzi wa umeme na uzi wa rezo, yote mawili, mawingu yakiwa bado mbali. Kama ngurumo imekwisha kufika juu ya shule, acheni mashini, msiguse uzi. Ufunguo wa chumba uko kwa kapita wa internati, hata siku ya Mungu.