Zamu Yako, Unafanya Nini?

Jumamosi tunaanza saa nane mchana, na ikifika saa kumi na moja na nusu tunavunja kikao, tumemaliza hatujamaliza. Shemeji yangu anarudi Mbagala, na anayeijua barabara ile jioni hahitaji kuelezwa. Kijana wa chuo anayekaa nyumba ya jirani anatakiwa aonekane kwao kabla ya magharibi. Ukiondoa salamu, chai na vitumbua, mchezo wenyewe unabakiwa na muda wa filamu moja ya Kihindi. Kwa hiyo mtu akiniambia michezo ya kuigiza mezani ni mitamu ila inakula siku nzima, namuuliza: hiyo siku nzima mlikuwa mnacheza, au mlikuwa mnasubiriana?

Kwa asiyeijua, michezo yenyewe iko hivi. Watu wanne hadi sita wanakaa mezani, mmoja wao ndiye msimulizi. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi: nguvu, wepesi, akili, silaha, uhai uliobaki. Msimulizi anasema mlango umefungwa na ndani kunanuka moshi. Wewe unasema utafanya nini. Jambo likiwa na shaka, dadu inaamua.

Mkongwe wa michezo hii ni Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974 huko Lake Geneva, Wisconsin, Marekani, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Toleo la kwanza lilikuwa vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000 basi. Leo una vitabu vitatu vikubwa, kila kimoja kinapita kurasa 300, na mgeni akiviona anadhani lazima avimalize kwanza ndipo aruhusiwe kukaa. Asijisumbue. Mchezaji mpya ajue kurusha dadu ya pande ishirini na ajue namba ya kuongeza imeandikwa wapi kwenye karatasi yake. Mengine atayakuta njiani. Hata kununua si lazima siku ya kwanza, kwa sababu tangu mwaka 2023 sheria za msingi za mchezo huo zinapatikana bure kwa leseni ya Creative Commons.

Muda mwingi unapotelea kwenye mapigano. Kwenye hadithi, duru moja ya vita ni sekunde sita. Mezani, duru hiyohiyo inaweza kukuchukulia robo saa na zaidi, na sababu yake utaisikia kwa masikio:

"Shem, zamu yako."

"Yangu? Ngoja kwanza. Yule wa upinde bado yupo?"

"Alikufa."

"Alikufa lini?"

"Ulipokuwa unajibu meseji."

Hapo ndipo anaanza kutafuta miwani, kisha karatasi, kisha anasoma orodha yake ya uchawi kuanzia juu. Wenzake wanne wanamtazama. Dakika tatu zinapita, na baada ya dakika hizo wale wanne nao wameshika simu, kwa hiyo kila mmoja zamu yake ikifika atauliza nani kafa lini. Piga hesabu: watu sita, dakika tatu kila mmoja, duru moja dakika kumi na nane. Wakitumia dakika moja moja, ni sita. Mtu hajaharakishwa, hajakatishwa utamu, kafikiri tu wakati mwenzake anacheza.

Dawa yake ni msimulizi kutaja watu wawili badala ya mmoja. "Kijana, cheza. Shem, wewe unafuata, jiandae." Nimekata manila vipande vidogo, nikavikunja katikati, kila kimoja kina jina la mhusika, na navipanga mbele yangu kwa mfuatano wa zamu ili kila mtu aone yuko wapi. Mtu akifikiwa na bado hajui, namruka kwa upole na kumrudia baada ya anayefuata. Mwanzoni shemeji alinuna. Siku hizi yeye ndiye wa kwanza kusema "mimi tayari".

Jambo la pili ni mkono. Wapya wengi wanarusha dadu ya kushambulia, wanajumlisha, wanauliza kama imepata, wanaambiwa ndiyo, ndipo wanaanza kutafuta dadu ya madhara chini ya sahani ya vitumbua. Rusha zote pamoja. Tuseme mhusika wako ana upanga, na mbele yako kuna goblini, kiumbe mdogo ambaye kwa toleo la 2014 ana kinga ya 15 na uhai wa 7. Chukua ile ya pande ishirini na ile ya pande nane, rusha kwa mpigo mmoja. Ya kwanza pamoja na nyongeza yako ikifika 15, umempata, na ya pili ukiiongezea nguvu zako ndiyo madhara. Isipofika, ya pili haina kazi. Mtu anayefanya hivi anasema sentensi moja tu: "Kumi na saba, nimempata, madhara tisa." Goblini kalala, zamu inasogea.

Msimulizi naye asijibane kurusha kila kitu. Goblini huyo akikukata na upanga wake, kitabu kimeshakuandikia wastani wa madhara, 5, pembeni ya dadu zenyewe. Uusome tu. Lile bomu la moto ambalo kila mchawi analiota lina dadu nane za pande sita, na wastani wake ni 28. Likitoka kwa adui, mimi nasema ishirini na nane na kuendelea. Likitoka kwa mchezaji, namwachia azirushe zote nane na azihesabu kwa sauti kama anataka, kwa kuwa ameisubiri siku hiyo muda mrefu, na kumnyima raha hiyo kwa kisingizio cha saa ni ubahili.

Ubishi wa sheria ni mwizi mwingine. Je, mtu anaweza kuruka kutoka dirishani na kutua juu ya farasi anayekimbia? Kitabuni labda kuna jibu, labda halipo, na kulitafuta kunakula muda kuliko kuruka kwenyewe. Msimulizi ashike namba tatu kichwani: 10 kwa jambo jepesi, 15 kwa la wastani, 20 kwa gumu. Aseme "farasi anakimbia, ishirini, rusha," na swali aliandike pembeni alitazame usiku akiwa peke yake. Sijaona bado jambo ambalo namba hizo tatu zimeshindwa kulivusha hadi mwisho wa kikao.

Kuhusu kuchagua mhusika, ushauri wangu unawaudhi vijana, lakini siubadilishi. Mpya asianze na mchawi. Mchawi wa ngazi ya kwanza kwa toleo la 2014 ana aina sita za uchawi kitabuni mwake na nyingine tatu ndogo, kila moja na masharti yake, wakati mpiganaji ana upanga na ngao na anajua la kufanya. Maboksi ya kuanzia yana wahusika waliokwisha kuandikwa, kwa hiyo chukua mmoja, mpe jina, kaa. Ukitaka kumtengeneza wako, usirushe dadu za sifa; gawa namba 15, 14, 13, 12, 10 na 8 unavyopenda. Na historia ya mhusika iwe sentensi mbili. Kijana wetu alikuja na kurasa za maisha ya mhusika wake tangu babu, na babu huyo mpaka leo hatujakutana naye.

Wako wanaoniambia dadu za pande ishirini hazipatikani mtaani. Simu inarusha dadu yoyote utakayo. Lakini kama unataka kuonja tu, kuna njia fupi kuliko zote, nayo ni dadu za ludo. Lasers & Feelings, mchezo wa John Harper wa mwaka 2013, sheria zake zote zinaenea ukurasa mmoja na ni bure. Nyote ni wafanyakazi wa chombo cha anga, na nahodha wenu amevamiwa na kitu kisichoeleweka. Kila mchezaji anachagua namba moja, kati ya 2 na 5. Namba kubwa, wewe ni fundi wa mitambo na hesabu; ndogo, wewe ni mtu wa maneno na hisia. Ukifanya kazi ya mitambo unataka dadu iangukie chini ya namba yako, ukifanya kazi ya moyo unataka ipite juu. Unaanza na dadu moja, unaongezewa ya pili kama umejiandaa, na ya tatu kama hiyo ndiyo fani yako. Nimewafundisha watu wakati chai inachemka. Ilipoiva, walikuwa wameshaiba mtambo.

Msinielewe kuwa nawakimbiza watu. Kuna siku shemeji aliingia duka la mjini kununua kamba, bei yake kitabuni sarafu moja ya dhahabu. Akataka punguzo. Nikakataa kwa sauti ya mwenye duka. Akashika kamba, akaikagua, akasema imeoza katikati, wenzake wakaingilia, mmoja akajifanya mteja mwingine aliyeona kamba nzuri zaidi duka la pili. Hakuna aliyeshika simu, hakuna aliyeuliza zamu ya nani. Mapigano niliyoyaandaa siku hiyo hayakufikiwa, na sikuyajutia hata kidogo. Dakika zinazookolewa kwenye dadu ndizo zinazolipia kamba.

Kwa msimulizi mpya anayeogopa maandalizi, Mmarekani Michael Shea aliandika kitabu Return of the Lazy Dungeon Master, kilichotoka 2018, na hatua yake ya kwanza ya kujiandaa ni kuwapitia wahusika wa wachezaji kabla ya kitu kingine chochote. Mimi naongeza la kwangu. Kabla watu hawajavaa viatu, nauliza: wiki ijayo mnakwenda wapi?

"Dada, tunashuka mgodini," anasema kijana.

"Hatushuki popote," anasema shemeji. "Tunarudi mjini, yule wa kamba bado ana chenji yangu."

Nawaacha wabishane mpaka wakubaliane mbele yangu, kisha naandika. Wakisema mgodi, naandaa vyumba vitatu vya mgodi na kinachoishi ndani yake. Mji mzima siugusi.