Monita au Televisheni? Kuchagua Skrini ya Darasa la Kiswahili

Walimu wenzetu wa shule za sekondari hutuuliza mara kwa mara swali ambalo si la sarufi wala la fasihi. Shule ina kompyuta moja, imepata fedha za kununua skrini moja tu, na inataka darasa zima lisome kutoka kwenye skrini hiyo. Je, inunue monita ya kompyuta au televisheni? Hapa Uganda swali hili lina uzito wake. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mahali ambapo nakala za kitabu hazitoshi, skrini moja ndiyo huwa kitabu cha wote.

Kwa umbo vifaa hivi viwili vimekaribiana mno. Vyote hupokea picha kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa HDMI, na vyote huchora picha hiyo kwa vitone vidogo vya mwanga viitwavyo pikseli. Tofauti imo katika kazi ambayo kila kimoja kilitengenezewa. Monita ni ya mtu mmoja aliyekaa karibu, anayesoma maandishi. Televisheni ni ya watu waliokaa mbali, wanaotazama picha zinazotembea. Darasa letu, kwa bahati mbaya, ni la watu waliokaa mbali wanaosoma maandishi.

Tuanze na umbali. Kanuni ya kukadiria ambayo hutumiwa hata na wachoraji wa mabango ni kugawa umbali kwa 200: mwanafunzi aliye mita 6 kutoka kwenye skrini anahitaji herufi kubwa yenye urefu wa sentimita 3 hivi ili asome bila kukaza macho. Monita ya inchi 24 ina kimo cha sentimita 30. Ukiacha nafasi kati ya mistari, itachukua mistari mitano tu. Televisheni ya inchi 55 ina kimo cha sentimita 68, nayo itachukua mistari kumi au kumi na mmoja, yaani beti mbili za shairi la tarbia pamoja na kichwa chake. Kwa darasa zima, basi, monita ya kawaida haifai, hata iwe nzuri namna gani.

Lakini ukubwa una gharama yake. Monita ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli za upana wa milimita 0.28. Idadi hiyo hiyo ikitandazwa kwenye inchi 55, kila pikseli hufikia milimita 0.63. Aliye mita 6 hataona tofauti. Mwalimu anayeandika akiwa nusu mita kutoka kwenye skrini ataona herufi zenye meno kama msumeno. Kwa hiyo ofisini, ambako tunasahihisha tasnifu kutwa nzima, tunashauri monita bila kusita. Anayetaka televisheni itumike pia kama meza ya kazi atafute ile iitwayo 4K, yenye pikseli 3840 kwa 2160.

Kuna kasoro mbili za televisheni ambazo wauzaji hawazitaji, na zote mbili zinagusa lugha yetu moja kwa moja. Ya kwanza ni mazoea yaliyobaki kutoka enzi za televisheni za kioo kinene: picha hukuzwa kidogo na kingo zake hukatwa. Katika filamu hakuna atakayegundua. Katika Kiswahili, mwanzo wa neno ndipo penye kiambishi. Sentensi "Hatutasoma leo" ikianzia ukingoni na silabi ya kwanza ikakatwa, darasa litasoma "tutasoma leo", kinyume kabisa cha maana. Tiba imo ndani ya rimoti: tafuta sehemu ya ukubwa wa picha, uchague ile inayoonyesha picha nzima bila kukuza.

Ya pili ni rangi. Televisheni nyingi hupunguza taarifa za rangi ili kurahisisha kazi, zikaacha mwanga tu ukiwa kamili. Herufi nyeusi juu ya weupe hazidhuriki sana. Lakini sisi walimu tuna desturi ya kuandika viambishi ngeli kwa wino mwekundu, na wekundu juu ya buluu au weusi ndio unaovurugika zaidi: "ki" na "vi" hugeuka ukungu. Katika televisheni nyingi, kuupa mlango wa HDMI jina la "PC", au kuchagua hali ya michezo ya kompyuta, huondoa tatizo hili. Hali hiyo ya michezo pia hupunguza ule uchelewaji unaofanya herufi zionekane baada ya kidole kuondoka kwenye kibodi.

Televisheni ina spika zake, jambo kubwa katika somo la kusikiliza. Monita nyingi hazina, au zina za kunong'ona. Kwa upande wa umeme, monita ya inchi 24 hutumia wati 20 hadi 30, ilhali televisheni ya inchi 55 huweza kufika wati 100 na zaidi. Shule inayotegemea sola ipige hesabu hiyo kabla ya kwenda dukani.

Na dukani usikubali kuonyeshwa video ya maua na samaki. Nenda na kompyuta yako na waya wako, andika sentensi tatu kwa rangi utakazotumia darasani, kisha rudi nyuma hatua nane, na usimame pembeni pia, maana si wanafunzi wote hukaa katikati. Muuzaji akikataa kukuruhusu, jaribu duka la jirani.