Kivinjari cha Simu (3): Waliozifikiria Mega Zetu

Tarehe 2 Septemba 2025, jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba Google haitalazimishwa kuuza kivinjari chake, Chrome, ingawa Agosti 2024 yeye mwenyewe alisema kampuni hiyo ilivunja sheria ya ushindani. Imekatazwa mikataba inayowafungia wengine nafasi kwenye simu. Hayo yanamhusu nini mtu wa Beni, mashariki mwa Kongo? Yanamhusu sana. Simu nyingi zinazoingia kwetu kupitia mpaka wa Kasindi ni za Android, na Chrome imo ndani kabla kasha halijafunguliwa. Wengi wetu hatujawahi kuchagua: tulichaguliwa kivinjari na watu wasiojua bei ya mega, yaani data ya intaneti, mjini Butembo.

Kivinjari ni nini, na ukurasa husafiri vipi, tulikwisha kueleza katika makala zilizotangulia. Leo nataka kuwakumbuka watu waliotufikiria mapema, maana historia yao ndiyo kipimo changu.

Mwaka 1994, ndani ya Telenor, shirika la simu la Norway, wahandisi Jon von Tetzchner na Geir Ivarsøy walianza kutengeneza kivinjari. Mwaka uliofuata wakaunda kampuni yao, Opera. Wakati kampuni za Netscape na Microsoft zinagombania kompyuta zenye nguvu, wao walishikilia kwamba programu iwe nyepesi, ikubali hata mashine dhaifu. Msimamo huo ulizaa Opera Mini. Waliijaribu kwao mwaka 2005, na Januari 2006 wakaifungulia dunia nzima. Iliingia katika simu ndogo za vibonyezo zenye Java, simu ambazo zisingeweza kubeba ukurasa kamili.

Mfanyabiashara wa Butembo ataielewa mbinu yao upesi. Asiyeweza kwenda Guangzhou mwenyewe humtuma mwakilishi. Huyo hununua, hutupa makasha matupu, hufunga mzigo mdogo ili mwenye mali asilipie usafirishaji wa hewa. Seva za Opera zilifanya vivyo hivyo: zilichukua ukurasa, zikaupanga upya, zikabana picha, na furushi lililofika kwenye simu mara nyingine lilikuwa sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwanzo. Mbinu hii naipenda tangu siku nilipoielewa, kwa sababu ilianza na swali la haki: mwenye mega chache naye atasoma vipi?

Chrome nayo ilikuwa na hali ya kubana data. Machi 2022 Google iliiondoa, ikieleza kwamba bei ya data imeshuka katika nchi nyingi. Mwanafunzi wa Butembo anayenunua mega za siku moja ili asome somo lake hakuulizwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Lakini tusifumbe macho: mwakilishi huona kila ulichomtuma. Opera Mini ikiwekwa katika hali yake ya kubana kupita kiasi, kurasa hufunguliwa kwanza kwenye seva za kampuni, hata zile zenye alama ya kufuli. Tena von Tetzchner aliondoka mwaka 2011, na mwaka 2016 kivinjari hicho kilinunuliwa na wawekezaji wa China.

Kwa hiyo ushauri wangu ni vivinjari viwili. Habari, masomo, bei za kahawa na kakao, soma kwa Opera Mini. Benki, barua pepe na chochote chenye nywila, tumia Firefox au Chrome, bila mtu wa kati. Firefox ya Android hukubali uBlock Origin, kiongezi kinachozuia matangazo, na tangazo lisilopakuliwa halili mega. Pakua kutoka Play Store, usipokee faili ya kupitishiana kwa Bluetooth. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu, uweke kivinjari chaguomsingi unachokitaka wewe.

Kazi hiyo ni ya dakika chache. Mzazi anayeweza kumnunulia mwanawe simu asishindwe kukaa naye kwa muda huo, na mwalimu asione kwamba ni jambo dogo mno kwa darasa lake. Kijana aliyefundishwa kupima chombo kabla ya kukitumia hataonewa kirahisi na muuzaji yeyote. Makala ijayo itahusu nywila.