Papua New Guinea: mgeni Goroka humhitaji 'wantok'

Mji wa Goroka, ulio katika nyanda za juu za Papua New Guinea, uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hakuna barabara inayouunganisha na mji mkuu, Port Moresby. Bidhaa nyingi hupandishwa kwa malori kutoka bandari ya Lae, na maporomoko ya ardhi yanapoifunga njia hiyo, maduka hupungukiwa.

Hata hivyo, kwa mgeni anayehamia huko, mtihani mkubwa zaidi ni kupata jamaa. Nchi hiyo ina lugha zaidi ya 800, na katika Tok Pisin, lugha inayowaunganisha wananchi, 'wantok' ni mtu mnayezungumza naye lugha moja ya asili. Wantok humpa mwenzake chakula, malazi, karo na mchango wa mazishi, naye hutarajiwa kurudisha fadhila siku yake ikifika.

Mgeni huwasili bila wantok, hivyo taabu ikimfika hana pa kukimbilia. Neno hilo, hata hivyo, huwafikia pia marafiki na majirani. Anayejifunza Tok Pisin na kuchangia misiba ya mtaani hufunguliwa mlango. Lakini akishaingia, naye ataombwa.