Unataka kujifunza kubeba bastola? Soma hapa kabla hujatoa hela yako

Nilipotea kidogo, mtandao wa huku kwetu Ilagala mnaujua wenyewe. Leo nataka tuongelee jambo ambalo nimeshaulizwa na watu watatu kwa nyakati tofauti: mtu akishapata leseni ya bastola akajifunze kwa nani, na atajuaje kama huyo mwalimu anamfundisha kweli au anamlia hela tu?

Kabla hamjaniuliza "na wewe unayo?", najibu kabisa: sina. Hata ningetaka nisingepewa, maana Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mwombaji awe amefika miaka 25 na mimi bado. Ila kisa hiki kilinipitia karibu sana, mtaona.

Kwanza tusiwacheke wanaouliza. Anayeishi ufukwe huu anajua. Wavuvi wetu wamekuwa wakivamiwa ziwani usiku na majambazi wenye silaha, wananyang'anywa injini, nyavu na mafuta. Ng'ambo ni Kongo, juu yetu Burundi, na vita za huko tangu miaka ya 1990 zimeacha bunduki nyingi mikononi mwa watu. Mfanyabiashara wa dagaa au mawese anayetoka hapa kivukoni kwenda Kigoma mjini na hela taslimu, roho lazima imdunde. Huo sio woga wa bure.

Sasa kisa chenyewe. Mjomba wangu ni mtu wa biashara. Aliporwa njiani mara mbili, akaamua kufuata taratibu: akaanzia serikali ya kijiji, barua zikapanda mpaka polisi, mwisho akapata leseni na bastola yake. Akatafuta mtu wa kumfundisha. Jina la huyo bwana silitaji. Somo lilikuwa asubuhi moja tu! Akaonyeshwa kuweka risasi kwenye magazini, kukoki, akapiga risasi tano kwenye debe huko porini, akapewa karatasi yenye muhuri. Mjomba akarudi nyumbani anajiona komandoo.

Wiki kama tatu baadaye nilitoka kuangalia mpira usiku. Sikutaka kuamsha watu nikapitia mlango wa uani. Giza totoro, umeme umekatika. Nikasikia "Nani?" Nikashtuka, sauti haikutoka. Mama mkubwa ndiye aliyepiga kelele kuita jina langu. Tochi ilipowashwa namuona mjomba yuko hatua nne mbele yangu, bastola imenielekea kifuani, kidole kiko kwenye triga.

Asubuhi hakunywa hata chai. Aliniambia, "Mjomba, jana ningekuua. Yule bwana kanifundisha kupiga, hakunifundisha kuacha."

Akatafuta mwalimu mwingine, mzee mmoja mwanajeshi mstaafu. Safari hii ilichukua siku kadhaa, nami nilimsindikiza nikakaa pembeni nasikiliza. Siku ya kwanza nzima hakuna risasi iliyopigwa. Haya yafuatayo nimeyapata kwa huyo mzee, mengine kwa kusoma sheria.

1. Uliza mnapigia wapi. Risasi ya bastola inaweza kusafiri zaidi ya kilometa 1. Huku kwetu ukiona pori ujue nyuma yake kuna mtu yuko kwenye michikichi yake anakata ngazi. Mwalimu wa kweli ana uwanja wa shabaha unaotambuliwa na polisi, wenye tuta la udongo la kuzuia risasi. Anayekwambia "twende porini", muage.

2. Uliza kama atataka kuona leseni yako. Asiyeuliza leseni anafundisha yeyote, na siku akikamatwa mtakamatwa wote. Kumiliki silaha bila kibali hapa Tanzania hushtakiwa kama uhujumu uchumi, na hilo gobole la marehemu babu limo humohumo. Kama lipo nyumbani ulizia polisi namna ya kulisalimisha. Mwaka 2022 serikali iliwahi kutoa msamaha kwa waliosalimisha kwa hiari.

3. Angalia anaanza na nini. Anatakiwa aanze na zile kanuni nne mpaka uziote usingizini: kila silaha ichukulie ina risasi, mdomo wake usiuelekeze kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje ya triga mpaka umeamua kupiga, jua unapiga nini na nyuma yake kuna nini. Mjomba usiku ule alivunja tatu kwa mpigo. Na nyumba zetu nyingi ni za tofali mbichi na mabati. Ukuta huo usiutegemee kuzuia risasi isimfikie mtoto aliyelala chumba cha pili.

4. Wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja? Wakati wa risasi za moto mwalimu anatakiwa awe karibu kiasi cha kukushika mkono. Watu ishirini na mwalimu mmoja, hapo mnahatarishana.

5. Anafundisha kuibeba? Hapa ndo wengi wanapunjwa. Bastola ya kubeba chini ya shati haichomekwi tu kiunoni kama kisu, wala haikai mfukoni na funguo. Inataka mkoba wake, wanaita holsta, mgumu, unaofunika triga yote na usiochezacheza. Kuitoa na kuirudisha unajifunza kwanza ikiwa tupu, polepole, tena mara nyingi. Kuirudisha hakuna haraka kabisa, watu wamejipiga mapaja wenyewe.

6. Anafundisha giza na sauti? Majambazi wengi huja usiku. Unatakiwa ujue kutumia tochi, kuuliza kwa sauti, kujificha nyuma ya kitu, kukusanya familia chumba kimoja na kupiga simu. Mzee alimrudisha mjomba kwenye zoezi hili mara sita.

7. Anaijua sheria? Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujilinda wewe, mwenzako na mali, lakini kwa nguvu inayolazimika tu. Mwizi aliyeshatupa mzigo na anakimbia amekupa mgongo, ukimpiga risasi hapo mahakamani utaeleza nini? Mwalimu akuambie pia baada ya tukio ufanye nini: ita polisi, usihamishe kitu, usikimbie.

8. Anaongelea nyumbani kwako? Silaha inafungiwa wapi, funguo anashika nani, watoto je? Pombe na bastola havikai meza moja. Na magomvi ya ndani msiyasahau. Mwaka 2022 kule Mwanza mwanamke aliuawa na mumewe kwa bastola. Hakukuwa na jambazi pale. Mzee alimwambia mjomba bila kumung'unya maneno: siku ukigombana na mkeo, silaha ipeleke polisi wakuhifadhie.

9. Anaweza kukufelisha? Hili ndilo swali langu kubwa. Muulize, "Kuna mtu uliwahi kumnyima cheti?" Akicheka akasema kwangu wote wanafaulu, basi anauza karatasi. Mjomba alifelishwa mara ya kwanza, akaambiwa arudi. Aliudhika kweli, lakini alirudi.

Kuna watakaosema, mimi nilipita mgambo, sihitaji darasa. Kaka, mgambo ni kitu kizuri lakini pale ulishika bunduki ya begani kwa amri ya mkufunzi. Kutembea sokoni na bastola chini ya shati, huku umebanwa na watu na hakuna wa kukuamuru, ni somo jingine.

Na mwisho jambo ambalo mzee alilisema siku ya kuagana, mjomba hakulipenda. Alisema darasa zuri litakuonyesha pia mahali ambapo bastola haikusaidii. Ziwani usiku, mtumbwi unayumba, wenzako wana SMG, wewe na kibastola chako utawatia hasira tu. Kwenye hela taslimu pia, dawa ya kwanza ni kutokuwa nazo: peleka kwa wakala, tuma kwa simu, usitembee na mfuko kila mtu anauona.

Siku hizi mjomba hela nyingi anatuma kwa simu. Bastola anayo bado, imefungiwa, na kila baada ya muda anarudi kwa mzee kufanya mazoezi. Mimi nikichelewa kurudi nampigia simu kabisa kabla sijafika kona: "Mjomba ni mimi, napita uani."

Wadau, mwenye uzoefu wa darasa la namna hii, zuri au baya, atuandikie hapo chini. Majina ya watu tuache, tuseme mambo. Na wewe uliye na gobole chini ya kitanda, nakuomba, nenda polisi wenyewe hawajaja.