Fimbo ya Kalasinga

Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili nalikwenda Kenyatta Market pamoja na mke wangu na kijana wetu wa miaka kumi. Mke wangu alikuwa na haja ya kusukwa nywele, na kila alijuaye soko lile ajua ya kuwa mume hana la kufanya ila kwenda upande wa wachoma nyama akangoje. Tukaketi, tukaagiza nusu kilo na ugali.

Mezani walikuwapo mzee mmoja, fundi mstaafu wa karakana ya reli, na kijana karani wa duka. Karani huyo alikuwa ameona msafara wa Makalasinga katika sikukuu yao ya Vaisakhi, vijana wakizungusha panga na kupigana kwa fimbo mbele ya ngoma. Akasema kwa hasira, “Mzee, mbona wao waachwa kubeba panga barabarani? Mimi nikibeba rungu nitakamatwa.” Mzee akamjibu taratibu, “Umeitazama mikono yao, mwanangu, hukuitazama miguu.”

Neno lile lilinikaa moyoni, nami naona yafaa niwaeleze wasomaji asili ya mchezo huo.

Huitwa gatka, nalo ni jina la fimbo yenyewe inayotumika katika mazoezi. Asili yake ni nchi ya Panjabi, kaskazini mwa India. Mwaka 1606 Guru Arjan, mwalimu mkuu wa tano wa dini ya Sikh, aliteswa hata akafa katika mji wa Lahore kwa amri ya mfalme Jahangir. Mwanawe Hargobind alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja tu. Alipokalia kiti cha baba yake alijifunga panga mbili, moja ishara ya mamlaka ya dunia, na ya pili ishara ya mambo ya roho. Tangu hapo kujua silaha kukawa sehemu ya ibada. Mwaka 1699 Guru Gobind Singh aliwaunga wafuasi wake katika udugu uitwao Khalsa, akawaagiza wawe daima na vitu vitano, kimojawapo kisu kiitwacho kirpan, ambacho ni cha kumlinda mnyonge na si cha kuanzia ugomvi.

Waingereza walipoitwaa Panjabi mwaka 1849 waliwanyang'anya watu silaha zao. Panga zikaondoka, fimbo ikabaki, na ndani ya fimbo ujuzi ukahifadhiwa. Hata leo mwanafunzi hufundishwa kwanza hatua za miguu, na kabla ya kushika silaha huinama na kuisujudia.

Makalasinga wengi walifika kwetu kwa kazi ya reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Katika vibarua na mafundi wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, kama 2,500 walikufa, na wengi wa waliosalia walirudi kwao. Waliobaki walijenga mahekalu, na humo watoto wao wakafundishwa lugha, nyimbo za dini, na fimbo. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua wananchi wenye asili ya Kihindi kuwa kabila la arobaini na nne.

Nilimweleza karani habari ya kirpan, naye akashikilia ya kuwa kisu ni kisu. Wakati huo mchoma nyama alikuwa akitukatia nyama kwa kisu kirefu kuliko kirpan yoyote niliyopata kuona, wala hapana aliyeondoka mezani.

Ndipo mwanangu akaniuliza, “Baba, na sisi fimbo yetu huchezwaje?” Nalitaka kumjibu upesi. Nikamtajia kirumbizi, mchezo wa Lamu ambao wanaume hupambana fimbo kwa fimbo mbele ya ngoma na zumari. Akasema, “Hao ni watu wa Lamu. Nimeuliza yetu.” Babu yangu alikuwa na fimbo na ngao, na watu husema aliweza kuwakabili wawili kwa mara moja. Fimbo ile ninayo nyumbani, imetundikwa ukutani. Ujuzi wake sinao, kwa kuwa katika miaka ambayo angenifundisha mimi nalikuwa bwenini, nikikariri majina ya mito ya Ulaya. Na likizoni, aliponiita uani, nalimwona mshamba.

Mzee wa reli alinitazama nilivyonyamaza. Akainuka, akachukua mkongojo wake, akamwita mwanangu kando ya meza. Kumbe zamani, saa ya chakula cha mchana karakanani, fundi mmoja Kalasinga alikuwa akimfundisha hatua chache. “Miguu kwanza,” akamwambia mtoto. “Mikono iweke nyuma.”

Mke wangu aliporudi, nywele zimesukwa vizuri, nyama yake ilikuwa imepoa. Mwanawe alikuwa akienda mbele na nyuma juu ya sakafu yenye mafuta, mikono mgongoni, na yule karani wa duka nyuma yake akifuata hatua.