Magari Yanayopashana Habari Mbioni

Bila shaka, msomaji, umewahi kusafiri kwa basi usiku kutoka Nairobi hadi Mombasa. Lori likiharibika barabarani, dereva anayetoka upande huo humulika taa mara mbili tatu, na dereva wako hupunguza mwendo. Ishara hiyo imeokoa wengi. Hata hivyo, taa haionekani nyuma ya kona wala nyuma ya trela.

Ndiyo sababu wataalamu walibuni redio za kuyawezesha magari yenyewe kupashana habari. Kila gari hutangaza kama mara 10 kwa sekunde: niko hapa, nina kasi hii, nafunga breki. Marekani ilitenga masafa ya kazi hiyo mwaka 1999. Toyota ilianza kuuza magari yenye mtambo kama huo nchini Japani mwaka 2015.

Huenda ukauliza, kuna ugumu gani, ilhali simu hufanya kazi ndani ya basi? Simu yako huwasiliana na mnara usiosogea. Hapa pande zote mbili zinakimbia. Magari mawili yanayokuja kukutana, kila moja likienda kilomita 100 kwa saa, yakianza kusikiana umbali wa mita 300 yatapishana baada ya sekunde 5 hivi. Mtandao wa Wi-Fi wa nyumbani huanza kwa kubisha hodi na kujitambulisha. Barabarani muda huo haupo. Kwa hivyo, kanuni za mwaka 2010 ziliondoa hodi hiyo: gari hutangaza tu, na aliye karibu husikia.

Adui mwingine ni vizuizi. Mawimbi ya gigahezi 5.9 hayapindi vyema penye kona, na trela likiwa katikati hufifia. Ndiyo maana antena huwekwa juu ya paa. Wajapani nao walichagua mawimbi marefu zaidi, ya megahezi 760, ambayo hupinda kona kwa urahisi.

Na mawasiliano yakikatika je? Mwaka 2016, malori kutoka nchi kadhaa za Ulaya yalisafiri hadi Rotterdam yakifuatana kwa karibu, la mbele likifunga breki na la nyuma likifunga papo hapo kwa amri ya redio. Katika misafara ya aina hiyo, redio ikinyamaza, lori la nyuma halina budi kurudi nyuma.

Funzo hilo ni lako pia, hata kama gari lenu halina redio hiyo. Usipomwona vyema aliye mbele, mwachie nafasi. Tahadhari kabla ya hatari.